Je, Siku Zetu Zimekwisha Kuandikwa? Wakati katika Fizikia, katika Falsafa na katika Imani

Kwenye misiba yetu, kuanzia Musoma mjini hadi vigango vya Bunda na Butiama, kuna maneno ambayo hayakosekani: "Siku yake ilikuwa imefika." Husemwa kwa nia njema, ili wafiwa wapate kutulia. Hivi karibuni, tulipokuwa tumeketi na waombolezaji wa kijana aliyezama ziwani, mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita anayesoma fizikia aliyachukua maneno hayo na kuyapeleka mbele zaidi. Alituambia kwamba hata wanasayansi wanakubali: tangu Einstein, jana, leo na kesho vyote vipo tayari, nasi tunavipita tu kama abiria wa basi wanavyopita vituo. Kisha akauliza: kama ndivyo, tunasali kwa ajili gani? Na mwenye mtumbwi aliyempakia marehemu bila jaketi okozi, analaumiwa kwa lipi?

Swali hilo si la utoto, wala si la ukosefu wa imani. Ni swali ambalo wanafalsafa wa vyuo vikuu, wale wanaochunguza misingi ya fizikia ya leo, wamelijadili kwa zaidi ya miaka mia moja. Limeguswa pia, kwa njia nyingine, na wanafikra wawili wa Afrika ya Mashariki na ya Maziwa Makuu: Padre Alexis Kagame wa Rwanda na Profesa John Mbiti wa Kenya. Katika makala hii tunaeleza kwa mpangilio fizikia inasema nini juu ya wakati, wanafalsafa wanabishania nini, na imani yetu inatufundisha nini.

Mwanafalsafa ana kazi gani katika fizikia?

Mwanafizikia hupima, hukokotoa na kutabiri. Mwanafalsafa wa misingi ya fizikia huanzia pale hesabu inapokwisha kukubalika, akauliza: hesabu hii inatuambia nini juu ya ulimwengu wenyewe? Je, neno "wakati" katika mlinganyo ni wakati ule ule tunaoishi, tunaozeeka na kufa ndani yake? Tena hupima hoja, ili ionekane ni kipi kilichothibitishwa na kipimo na ni kipi kilichoongezwa na mtoa hoja.

Zamani kazi hizi mbili hazikutenganishwa. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943, alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Yeye alijifunza historia, uchumi na falsafa ya maadili. Lakini katika chuo hicho hicho, miaka hiyo hiyo, alikuwapo profesa wa fizikia Max Born, na cheo chake kilikuwa bado kinaitwa kwa jina la kale: profesa wa Falsafa ya Maumbile. Born ndiye aliyeonyesha mwaka 1926 kwamba fizikia ya chembe ndogo kabisa, yaani fizikia ya kwanta, kwa kawaida haitabiri tukio moja moja kwa uhakika, bali hutoa kadiri ya uwezekano tu. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1954. Tutarudi kwake baadaye.

Mambo ambayo fizikia imeyathibitisha

Mwaka 1905 Albert Einstein alitangaza nadharia ya uhusianifu. Msingi wake ni kwamba nuru husafiri kwa mwendo ule ule, kama kilometa 300,000 kwa sekunde, kwa kila mpimaji, awe amesimama au anakwenda. Kutokana na jambo hilo moja, dhana ya "sasa hivi" inayolingana kwa watu wote huanguka.

Tuchukue mfano wa ziwani kwetu. Boti ndefu ya wavuvi wa dagaa inakwenda mbele usiku, ikiwa na taa moja katika ncha ya mbele na nyingine katika ncha ya nyuma. Mvuvi ameketi katikati kabisa. Taa zinawashwa, na nuru za zote mbili zinamfikia kwa pamoja. Kwa kuwa yuko katikati, na nuru zote zina mwendo mmoja, atasema kwa haki: "Taa zimewashwa kwa pamoja." Mtu aliyesimama pwani naye huona kwamba nuru zimemfikia mvuvi kwa pamoja. Lakini yeye huona pia kwamba, nuru zikiwa bado njiani, boti ilikuwa ikisogea mbele: mvuvi alikuwa akiikabili nuru ya mbele na kuikimbia nuru ya nyuma. Nuru ya nyuma imesafiri njia ndefu zaidi. Ikiwa zimefika pamoja, basi taa ya nyuma iliwashwa kwanza. Hakuna kati yao aliyekosea. Tofauti yenyewe kwa mwendo wa boti ni ndogo mno hata haipimiki, lakini kadiri mwendo unavyokaribia ule wa nuru huwa kubwa.

Haya si mawazo ya vitabuni tu. Mwezi wa Oktoba 1971 wanasayansi wawili wa Marekani, Hafele na Keating, walizungusha saa za atomu duniani kwa ndege za abiria. Zilipolinganishwa na saa zilizobaki chini, zile zilizokwenda mashariki zilikuwa zimechelewa kidogo na zile zilizokwenda magharibi zimetangulia, kama nadharia ilivyotabiri. Na simu inayomwonyesha dereva wa bodaboda njia katika mitaa ya Musoma hutegemea satelaiti zinazoruka kama kilometa 20,000 juu yetu. Saa zake zisiporekebishwa zingetangulia saa za duniani kwa sehemu 38 hivi za milioni ya sekunde kila siku, na kosa la mahali lingefikia kilometa kumi kwa siku moja.

Mwaka 1908 mwanahisabati Hermann Minkowski, aliyekuwa mwalimu wa Einstein, alionyesha kwamba nadharia hiyo hueleweka vizuri zaidi mahali na wakati vikichukuliwa kuwa kitu kimoja. Tunaweza kukiita mahali-wakati.

Hoja ya mkeka uliokwisha kusukwa

Hapa ndipo hoja ya mwanafunzi wetu inapozaliwa. Ikiwa hakuna "sasa" moja ya ulimwengu mzima, na ikiwa tukio ambalo kwangu halijawa linaweza kuwa limekwisha kuwa kwa mwingine, basi huenda matukio yote, yaliyopita na yajayo, yapo sawasawa. Ulimwengu ungekuwa kama mkeka uliokwisha kusukwa, nasi tungekuwa kama chungu anayetembea juu yake, anayeona kila ua jipya ingawa mkeka wote umekwisha kutandikwa.

Einstein mwenyewe aliielekea fikra hiyo, naye aliitumia msibani. Rafiki yake wa ujana, Michele Besso, alipofariki Machi 1955, Einstein aliiandikia familia barua ya rambirambi akisema kwamba kwa wanaoiamini fizikia, tofauti ya yaliyopita, yaliyopo na yajayo ni kama njozi iliyoshikilia. Haikutimia miezi miwili naye akafariki, tarehe 18 Aprili. Hata mwanasayansi mkuu, mbele ya kaburi la rafiki, alitafuta neno la faraja, na neno alilolipata lilikaribiana na lile letu la "siku yake ilikuwa imefika".

Lakini je, fizikia inalazimisha hitimisho hilo? Mwaka 1967 mwanafalsafa wa Marekani Hilary Putnam alitoa hoja kwamba ndiyo: kutokana na nadharia ya uhusianifu, mambo yajayo ni halisi tayari. Mwaka uliofuata mwenzake Howard Stein alimjibu. Alionyesha kwamba Putnam alikuwa amechukua bila kusema kanuni isiyomo katika fizikia: kwamba lililo halisi kwa aliye mbali nami lazima liwe halisi kwangu pia. Stein alisema tunaweza kufuata hesabu zote za Minkowski bila kanuni hiyo. Kwa mtu aliye hapa na sasa, yaliyokwisha kuwa ni yale tu ambayo nuru yake imeweza kumfikia. Nuru ya jua, kwa mfano, hutumia kama dakika 8 kutufikia. Jambo linalotukia juani "sasa" si sehemu ya yaliyokwisha kuwa kwetu mpaka dakika hizo zipite. Kwa namna hiyo yajayo yanabaki kuwa yajayo, na hakuna kipimo kinachovunjwa.

Mjadala huo haujafungwa hadi leo. Wapo wanafalsafa hodari upande wa mkeka na wapo upande wa pili. Kwetu inatosha kutambua jambo moja: kutoka kwenye kipimo hadi kwenye neno "imekwisha kuandikwa" kuna hatua ya kifalsafa, na hatua hiyo inaweza kukaguliwa na hata kukataliwa.

Turudi kwa Born. Fizikia yake ya kwanta ilionekana kuelekea upande mwingine, maana katika mambo ya chembe ndogo kesho haitokani na leo kwa uhakika kamili. Einstein hakupendezwa, alimwandikia Born mwaka 1926 kwamba haamini kuwa Mungu hucheza kamari. Wapo Wakristo waliofurahi wakidhani kwamba hapo wameupata mlango wa hiari ya binadamu. Nasi tunashauri tahadhari. Jambo linalotokea kwa kubahatisha si tendo la hiari. Anayerusha sarafu ili aamue kama atamlipa mdeni wake hajatenda kwa uhuru zaidi ya yule aliyefikiri na kuamua. Uhuru wetu haukosi msingi hata tusipoutafuta ndani ya atomu.

Padre Alexis Kagame: mahali na wakati katika lugha zetu

Wakati wanafalsafa wa Ulaya na Marekani walipokuwa wakihangaika na mahali-wakati, padre mmoja wa Maziwa Makuu alikuwa akiitazama lugha ya mama yake. Alexis Kagame alizaliwa Rwanda mwaka 1912, akapewa daraja takatifu la upadre mwaka 1941, na akapata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Gregoriana, Roma, mwaka 1955. Kazi yake juu ya falsafa ya Kibantu-Kinyarwanda ilichapishwa Brussels mwaka 1956. Alifariki Nairobi mwaka 1981.

Kagame alichukua makundi kumi ya vilivyopo yaliyoorodheshwa na Aristotle, akayalinganisha na makundi ya nomino za Kinyarwanda. Aliona kwamba yote huingia katika manne, na yote manne yana mzizi mmoja, -ntu: umuntu, yaani kiumbe chenye akili, ikintu, kiumbe kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna ya kuwa. Mahali na wakati, ambavyo Aristotle aliviweka mbalimbali, hapa vimo katika kundi moja.

Msomaji anaweza kulipima jambo hili katika Kiswahili chenyewe. Tunasema "kijiji alipo mama", na hiyo "po" ni ya mahali. Tunasema "mama alipofika", na "po" ile ile imekuwa ya wakati. "Hapo sokoni" na "hapo zamani" hutumia neno moja. Lugha nyingi za mkoa wetu wa Mara ni ndugu wa Kinyarwanda na Kiswahili katika jamii ya Kibantu, na wazee wetu wanaweza kuwaonyesha vijana mifano ya namna hiyo.

Tusikimbilie kusema kwamba mababu zetu waliijua nadharia ya Einstein. Muungano wa Minkowski umefungwa kwa kipimo kamili, mwendo wa nuru, na sarufi haina kipimo hicho. Tena wakosoaji wa Kagame wameuliza kwa haki kama sarufi ya watu inaonyesha kweli imani yao. Hata hivyo anatufundisha mambo mawili. La kwanza, wazo la kwamba mahali na wakati ni ndugu si geni kinywani mwetu, hivyo kijana wetu asiione fizikia kuwa mali ya watu wengine. La pili ni zito zaidi: Kagame alisisitiza kwamba Mungu hamo katika kundi lolote la -ntu. Yeye ni wa awali, yuko nje ya mpangilio huo. Kwa hiyo mahali na wakati vinahesabiwa pamoja na vilivyoumbwa.

Profesa John Mbiti: Sasa na Zamani

Mwingine ni John Samuel Mbiti, aliyezaliwa Ukambani mwaka 1931, padre wa Kianglikana, mwalimu wa Makerere kuanzia mwaka 1964 hadi 1974, aliyefariki Uswisi mwaka 2019. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika aliyaingiza maneno mawili ya Kiswahili katika mijadala ya kimataifa: Sasa na Zamani. Kwa maoni yake, Mwafrika wa jadi aliuona wakati kuwa na yaliyopita marefu na yaliyopo, lakini karibu hana yajayo ya mbali. Marehemu wanaokumbukwa kwa majina bado wamo katika Sasa. Anapofariki mtu wa mwisho aliyewajua, huzama katika Zamani.

Wengi wamempinga, mmojawapo Kwame Gyekye wa Ghana. Nasi tunaona kwamba lugha inayohesabu kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, na inayofundisha kuwa akiba haiozi, haiwezi kuwa haina kesho. Lakini Mbiti alionyesha jambo ambalo mlinganyo hauwezi kulionyesha: kwa binadamu, wakati si namba ya saa tu, ni uhusiano na watu. Kila Novemba, tunapoyasoma majina ya marehemu wa jumuiya zetu, tunaliishi jambo hilo, nasi tunaliongezea tumaini: hata jina likisahaulika duniani, Mungu halisahau.

Imani inafundisha nini

Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Thagaste, aliliuliza swali la wakati katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo yake, akakiri kwamba anaujua wakati asipoulizwa, na hawezi kuueleza akiulizwa. Alifundisha pia kwamba Mungu hakuumba ulimwengu ndani ya wakati uliokuwapo. Aliuumba wakati pamoja na ulimwengu. Kwa njia tofauti kabisa, Kagame alifika karibu na hapo.

Umilele wa Mungu, basi, si wakati mrefu sana. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliufananisha na mtu aliye juu mahali pa kuona. Aliye njiani hawaoni wanaomfuata nyuma, lakini aliye mlimani huona wote kwa mara moja. Mtu akisimama juu ya mlima Balili, Bunda, anaweza kuona magari yaelekeayo Mwanza na yaelekeayo Musoma kwa mtazamo mmoja. Kuona kwake hakumsukumi dereva yeyote. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 600, hufundisha kwamba kwa Mungu nyakati zote zipo mbele yake, na kwamba anapoweka mpango wake anaingiza ndani yake jibu la hiari la kila mtu.

Hivyo hata kama siku moja wanafalsafa wa mkeka wangeshinda mjadala wao, swali la mwanafunzi wetu lingekuwa na jibu. Mkeka hausukwi na mtu mwingine huku sisi tukitazama. Matendo yetu ni sehemu ya nyuzi zake. Kuvaa jaketi okozi na kupona ni uzi mmoja. Kutolivaa na kuzama ni uzi mwingine. Na sala ni vivyo hivyo. Tomaso hufundisha kwamba hatusali ili kumbadilisha Mungu, bali ili tuyapate yale aliyopenda kuyatoa kwa njia ya sala, kama anavyopenda kutoa mavuno kwa njia ya jembe.

Tuseme nini msibani?

Bwana wetu alipoambiwa habari za watu waliouawa, naye akataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Lk 13:1-5), hakusema siku yao ilikuwa imefika, wala hakusema walikuwa wakosefu kuliko wengine. Aliwaita waliobaki hai watubu. Kifo cha mwenzetu kinapaswa kubadili kitu ndani yetu tuliobaki.

Ziwa letu limetufundisha kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichokuwa na uwezo wa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, jirani na ndugu zetu wa Kisorya. Watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Kusema tu kwamba siku zao zilikuwa zimefika ni kuwanyima marehemu haki yao, na ni kumwekea Mungu mzigo wa uzembe wetu.

Kwa hiyo tunawaomba waamini, viongozi wa jumuiya na makatekista tuyapime maneno yetu ya faraja. Tuseme kwamba marehemu yuko mikononi mwa Mungu, maana hiyo ni kweli. Tusali kwa ajili yake, maana sala hiyo haipotei. Kisha, machozi yakishafutwa, tuulize kwa upole na kwa ujasiri: mtumbwi ulikuwa na hali gani? Nani alipaswa kuukagua? Wa kesho ukoje? Kijana wetu wa kidato cha sita aliendelea na masomo yake ya fizikia, nasi tunamwombea ayafikishe mbali. Jumapili iliyofuata jumuiya ile ilianza kuchanga fedha za jaketi okozi.